Utamu wa Bati

Kama chungu hakikuwa na tundu, ule unga mweupe juu ya meza ulitoka wapi?

Binti Fundi aliinama akautazama kwa mara nyingine. Ulikuwa laini kuliko unga wa ngano na mweupe kuliko chokaa, umetandaa juu ya meza nyeusi ya mitungi ya gesi kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Alipoupitishia kidole hakuhisi chochote. Kidole kilirudi tu kikiwa cheupe. Asubuhi alikuwa ameifuta meza hiyo kwa kitambaa kibichi, kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo hakuna mtu aliyekifungua chungu.

"Labda ni chaki," alisema mwenzake.

"Humu hamna ubao."

"Basi ni mvi zangu zinapukutika. Utafiti huu umenizeesha kabla sijaoa."

Mwenzake huyo chuo kizima kilimwita Kipaza, kwa sababu aliponong'ona maktaba, watu wa ghorofa ya juu walimjibu. Yeye na Binti Fundi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwa muhula mzima walikuwa wakifanya kazi moja kwa mgawanyo usiobadilika. Binti alisimama mbele ya chungu, kwenye kidirisha cha kioo cheusi, akiongoza moto. Kipaza aliketi nyuma, karibu na ukuta, akilinda mitungi ya gesi na kusimulia habari za watu wasiokuwapo.

Chungu chenyewe hakikuwa cha udongo. Kilikuwa pipa la chuma kinene, limesimama kwa miguu mitatu, likimfika mtu mzima kifuani. Ndani yake fimbo mbili za zinki zilielekeana ncha kwa ncha kama mke na mume walionuniana: zikigusana zinagandana, zikiachana mno zinapoa, lakini zikiachiwa nafasi ya unene wa ukucha, umeme huruka kutoka moja kwenda nyingine na kuacha katikati upinde mfupi wa moto, mkali kiasi kwamba anayeutazama bila kioo cheusi hulala akihisi mchanga machoni. Katika moto huo zinki haiishii kuyeyuka, hugeuka mvuke. Mvuke ukikutana na oksijeni inayopulizwa ndani hushikana nayo, na papo hapo huwa moshi mweupe. Wala si moshi kama wa kuni. Ni chembe za oksidi ya zinki, ndogo mno, elfu nzima zikipangwa mstari mmoja hazifikii upana wa unywele. Gesi iliusukuma moshi huo kwenye bomba, bomba likaupeleka kwenye kitambaa cha kichujio, na kilichosalia juu ya kitambaa ndicho walichokitafuta. Unga huo ukitiwa kwenye maji yaliyochafuliwa na rangi za kiwandani, na maji yakaanikwa juani, rangi huliwa polepole mpaka maji yakarudi kuwa maji. Binti Fundi alikuwa ameliona jambo hilo katika bilauri, kwa macho yake. Tangu siku hiyo hakuweza kupita kwenye mfereji wa nyuma ya kiwanda cha nguo, ule ambao leo ni mwekundu na kesho ni wa buluu, bila kuusemesha kimoyomoyo: vumilia kidogo, tunakuja.

Jina la chungu lilitoka kwa aliyekiunda, naye alikuwa baba yake Binti.

Mzee alikuwa mchomeleaji. Maisha yake yote alikuwa ameunga mageti, madirisha na ngazi za nyumba za watu. Mhadhiri wao alipohangaika kutafuta chombo cha utafiti na kukikosa, Binti alisema kwa sauti ndogo kwamba kwao kuna mtu anayejua chuma. Mzee akaja, akaupokea mchoro, akaugeuza juu chini na chini juu, akacheka. "Kumbe mnataka chungu cha kupikia moshi! Si mngesema tangu mwanzo?" Akakitengeneza kwenye karakana yake, katika siku ambazo kifua kilikuwa kimeanza kumwelemea, akakileta mwenyewe na kukisimamisha mwenyewe, mgongo wake ukiuelekea ukuta. "Chungu hakiwaonyeshi wageni mgongo," alisema. Kisha akakipiga kofi la kirafiki, kama mtu anayemsifu shemeji. "Hiki hakivuji hata dua." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko.

Hakuwahi kukiona kikiwashwa. Fimbo za kwanza za zinki zilifika matanga yake yakiwa yameshaanuliwa.

Tangu hapo mama yake Binti alikuwa na swali moja kila alipopiga simu. Habari za masomo zilikuja baadaye, za afya baadaye zaidi. "Mama," ndivyo alivyomwita bintiye kwa mapenzi, "chungu cha baba yenu kinaendeleaje?" Na Binti angejibu, "Hakijambo, mama. Kinapika." Mama angecheka kidogo puani, kama mtu aliyeletewa habari kwamba mgonjwa amekula.

Kwa hiyo swali la unga juu ya meza halikuwa swali la unga peke yake.

Walikoroga sabuni kwenye ndoo, Binti akakipaka chungu povu mbele na Kipaza nyuma, wakajaza gesi ndani, wakangoja. Penye tundu, povu hububujika. Halikububujika popote. Kipaza alilala kifudifudi akachungulia chini ya chungu mpaka shavu likalowa.

"Mzee alisema kweli," alitangaza kutoka sakafuni. "Hata dua haitoki. Tukitaka kuomba humu itabidi tupige kelele."

Binti alicheka, akaifuta meza tena. Moyo wake ulitulia kwa sababu ulikuwa unataka kutulia.

Siku hizo walipika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Siku ya maonyesho ya idara ilikuwa inakaribia. Wageni wangekuja, na mhadhiri alikuwa amempa Binti ruhusa ya kumleta mama yake akae kiti cha mbele, akione chungu cha marehemu kikiwaka. Mama alikuwa ameshatoa nguo yake ya kutokea na kuianika juani ili itoke harufu ya sanduku.

Kisha siku moja Kipaza hakuja, na maabara ikawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Alipotokea kesho yake, midomo ilikuwa imembabuka na macho yameingia ndani, ila ulimi ulikuwa palepale alipouacha.

"Juzi jioni nimetetemeka, we acha tu! Nimefunikwa mablanketi ya bweni zima. Jirani yangu ilibidi anikalie kama sanduku lisilofungika."

"Malaria?"

"Zahanati wamenitoboa kidole, hamna kitu. Wakasema ni uchovu. Mimi na uchovu wapi na wapi? Na jana mchana homa ikaondoka yenyewe, bila hata kuaga. Ila kuna kitu kilinichekesha, Binti. Kila nilichokunywa kilikuwa kitamu. Chai kavu, tamu. Maji ya bomba, matamu. Hata mate yangu mwenyewe matamu. Nikasema, jamani, hatimaye nimependwa!"

Alingoja kicheko. Hakikuja.

"Utamu gani?" Binti aliuliza.

"Utamu tu."

"Wa sukari? Wa tunda?"

Kipaza alifikiri, akajiramba midomo. "Wa... kama umelamba ufunguo."

Binti Fundi alivuta kiti akaketi.

Nyumbani kwao utamu huo ulikuwa na jina lake. Uliitwa utamu wa bati. Baba alikuwa akipumzika mwisho wa juma, na Jumatatu akirudi kwenye mabomba yaliyopakwa zinki, yale yanayong'aa, ambayo wenye nyumba huyapenda kwa sababu hayashiki kutu upesi. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Jioni angeingia ndani vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi na kwenye kola, akaonja chai ambayo hakuna aliyeitia sukari, akatabasamu. "Leo nasikia utamu wa bati." Watoto walishangilia, maana utamu wa bati ulikuwa na tafsiri moja tu: kazi imepatikana. Giza likishaingia angetetemeka, mama akamfunika, akamchemshia maziwa, kwa kuwa wachomeleaji wote waliamini kwamba maziwa huosha moshi kifuani. Akipambazukiwa anaamka mzima, anatoka akipiga mluzi. Homa ya Jumatatu, majirani walisema, kana kwamba ni mgeni mwenye siku yake ya kutembelea. Hakuna aliyeihesabu kuwa ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuja baada ya miaka mingi, ukamkuta mapafu yake yamechakaa kama kichujio ambacho hakuna aliyewahi kukibadilisha.

"Tukiwasha, wewe unakaa wapi?" Binti aliuliza, ingawa alijua.

"Si kulekule nyuma, kwa mitungi yangu."

"Nyuma ya chungu."

"Sasa ulitaka nikae juu yake?"

"Kipaza, tulikipima kikiwa baridi." Alisema polepole, akijisikia kila neno likitoka. "Chuma baridi hufumba mdomo. Na kichujio kilikuwa kipya siku ile, hakikuizuia gesi kupita. Tulikihoji chungu kikiwa kimelala."

Wakafungua madirisha yote. Binti alivaa barakoa nzito yenye vichujio, ile iliyokaa kabatini bila kazi kwa sababu kila mtu aliamini kwamba chungu hakivuji. Alimwamuru Kipaza abaki mlangoni, naye kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitii bila kujibu. Binti akawasha moto. Aliacha kitambaa cha kichujio kijae, kisha kijae zaidi, mpaka moshi ulipokosa njia na mgandamizo ndani ukaanza kupanda. Chuma kilipopata joto kamili, alichukua kioo cha mkononi na tochi, akakiingiza kioo kati ya chungu na ukuta.

Kwanza aliona mshono. Hakuwa ameuona kabla ya siku hiyo. Sehemu ya mbele ya chungu, mshono wa baba ulikuwa kama alivyoujua tangu utotoni, mawimbi madogo yaliyolaliana kama magamba ya samaki, yakikimbizana bila kukosea. Lakini huku nyuma magamba yalikwenda kidogo yakasimama. Palipo na kituo palikuwa na kishimo, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Yakaanza tena, yakasimama tena. Kadiri kioo kilivyosogea, ndivyo vituo vilivyokaribiana, mpaka pakawa na kishimo kimoja kikubwa kuliko vyote.

Na kutoka hapo, wima, mwembamba kama uzi wa kushonea, moshi mweupe ulikuwa ukipanda kuelekea kwenye kiti cha Kipaza.

"Umeona nini?" Kipaza alipaza sauti kutoka mlangoni.

Binti alizima umeme, akabaki amepiga magoti na kioo mkononi, hata uzi ule ulipokatika.

Mhadhiri alikuja, akachungulia kwenye kioo hichohicho, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kwa wavivu, na aliyelia waziwazi kwenye mazishi ya mzee.

"Kuna gundi ya kustahimili joto," alisema hatimaye. "Tunaweza kuipaka juu. Tukiweka kichujio kipya na kuwasha kwa muda mfupi tu, maonyesho yatapita. Baada ya hapo ndipo tufikirie."

"Na gundi ikipasuka, Dokta?"

"Ikipasuka tutazima."

"Tutajuaje? Hata mara ya kwanza hatukujua."

Mhadhiri alirudisha miwani usoni. "Sikiliza, mwanangu. Ningekuwa na chungu kingine ningekuambia uchukue hiki, ukipeleke kwenu, kikae sebuleni kwa mama yako mpaka dunia iishe. Sina. Ama kipasuliwe mshono na kuungwa upya, ama kikae kama kilivyo na utafiti usimame. Lakini siwezi mimi kumwamuru mtoto akate kazi ya mwisho ya baba yake. Hilo sitakuamulia."

Alasiri Binti alikwenda karakanani. Baada ya mzee kufariki, karakana ilibaki kwa mdogo wake, naye alikutwa anapiga rangi geti, pakiti ya maziwa imesimama kando yake juu ya tofali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, dokta mtarajiwa! Umefuata moshi? Wa chuoni umewaishia?"

Alimpa simu yenye picha ya mshono. Baba mdogo alijifuta mikono kwenye suruali, akaikuza picha kwa vidole viwili, na utani ukamwondoka usoni.

"Ni mkono wa kaka," alisema. "Ila si pumzi yake."

"Kwa nini alisimama hivyo?"

"Mchomeleaji hasimami katikati ya mshono, mwanangu. Ukikatisha moto bila mpango, pale ulipokatisha panabaki kidonda, na kidonda cha chuma hakiponi chenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha. Sasa mtu anayekohoa afanye nini? Kikohozi hakiombi ruhusa." Alirudisha simu. "Nilimwambia, kaka, nipe mimi nimalizie huku nyuma. Akanifukuza kama mbwa aliyenusa sufuria. Akasema, cha mwanangu nakimaliza mwenyewe."

Binti alitazama chini. Pakiti ya maziwa ilikuwa imetoboka ncha, imefunguliwa kwa meno, kama baba alivyokuwa akizifungua.

"Maziwa hayafiki mapafuni, baba mdogo."

"Najua."

"Unajua?"

"Hata kaka alijua. Daktari alimwambia zamani." Aliichukua pakiti, akaizungusha mkononi. "Lakini mtu amekesha anakuchemshia maziwa, utamwambia nini? Hayafai? Unakunywa, unasema ahsante, unasema nimepata nafuu."

Gari lilipita, likaacha vumbi lililotua juu ya rangi mbichi ya geti. Baba mdogo alisonya, akachukua brashi, akaiweka tena.

"Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu sasa hauzibwi. Naweza kuchimba pale palipopasuka nikaweka kiraka, na pengine kitakaa. Lakini ukiniuliza kama fundi, kila mahali aliposimama ni ufa unaongoja zamu yake."

"Na ukiukata wote?"

"Grenda haibakizi kitu cha kumbukumbu. Inausaga, unakuwa cheche na vumbi. Hautabaki wa kaka hata upana wa ukucha." Kisha akauliza lile ambalo Binti alikuwa akilikimbia tangu kwenye kioo. "Shemeji umemwambia?"

Alikuwa hajamwambia. Mama alipopiga simu jioni hiyo na kuuliza chungu kinaendeleaje, Binti alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba hakijambo. Mama akacheka kidogo puani. Akasema nguo imekauka vizuri.

Siku ya maonyesho, mama na baba mdogo walifika kabla ya wageni wengine. Mama aliingia maabara kwa hatua za mtu anayeingia chumba cha mgonjwa, akawasalimia wote, akamshukuru mhadhiri kwa maneno mengi, kisha akafungua mkoba na kutoa chupa ya chai. Haikuwa na chai. Aliifungua, mvuke ukapanda, na harufu ya maziwa yaliyochemshwa ikajaa chumba.

"Nimewaletea watu wa moshi," alisema. "Mwenye chungu angekuwapo angetaka hivyo. Nani anakaa karibu nacho zaidi?"

"Mimi hapa, mama," alisema Kipaza. "Na huyu binti yako ananinyanyasa, hata maji hanipi."

"Njoo, baba. Kunywa. Yanaosha kifua."

Kipaza alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho kwa raha. "Mama, nimeshapona na ambayo sijaugua!"

Mama alicheka. Baba mdogo aligeuka akatazama dirishani. Na Binti Fundi, aliyesimama kando ya swichi, alimwona kijana wa watu akinywa maziwa aliyokuwa akichemshiwa mzee, mpaka tone la mwisho, na akajua kwamba hawezi kungoja hata dakika nyingine.

"Mama, njoo nikuonyeshe mgongo wake."

Usiku uliotangulia, Kipaza alikuwa amemsaidia kukisogeza chungu mbali na ukuta. Mama alizunguka nyuma, akauona mshono, akasimama. Alinyoosha kidole akakiweka kwenye kishimo cha kwanza, akakiteremsha kufuata magamba, akafika vishimo viwili vilivyokaribiana, na midomo yake ikaanza kutikisika kama ya mtu anayekumbuka wimbo.

"Kimoja," alisema. "Kimya. Halafu viwili. Kimya." Kidole kikasogea. "Hivi ndivyo alivyokuwa akikohoa. Kila siku hivihivi, mpaka nikawa nalala kwa kuhesabu. Halafu kinakuja kile kirefu, cha kumkalisha chini." Kidole kikafika kwenye kishimo kikubwa, kikatua. "Hapa. Hapa alikaa chini."

Alipokiinua kidole, ncha yake ilikuwa nyeupe.

Alikiangalia kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi alikuwa ameupangusa weupe huo kwenye kola, kwenye nyusi, kwenye foronya.

"Ndio huu?" aliuliza.

"Ndio huu, mama."

"Na unatoka hapa?"

"Kikipata joto. Kinavuja hapo. Uliniuliza nikakwambia hakijambo."

Mama aligeuka akamtazama Kipaza, midomo yake ambayo ilikuwa haijapona vizuri, kikombe kitupu mkononi mwake. "Naye amesikia utamu?"

Binti alitikisa kichwa kukubali. Kipaza akakiweka kikombe mezani. Mama akakifunga kidole kile ndani ya ngumi, akaiweka ngumi kifuani, akalia bila sauti, na baba mdogo akaja akamshika bega.

Korido ilianza kujaa miguu na mazungumzo. Wageni walikuwa wamefika. Mhadhiri alifungua mlango kidogo, akawaomba wangoje, akaufunga, akabaki amesimama mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

"Binti," Kipaza alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Tuwashe mara moja tu. Kidogo. Mama amekuja kukiona. Mimi nitakaa palepale, nitabana pumzi."

Mhadhiri alimtazama Binti. Baba mdogo alimtazama. Mama pia aliinua uso, na katika uso huo hapakuwa na ndiyo wala hapana. Palikuwa na kungoja tu, kama alivyokuwa akingoja kwenye simu.

Binti Fundi aliweka kiganja chake juu ya mshono. Chuma kilikuwa baridi. Alikipitisha mara moja, kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, bila haraka, mpaka mkono ukaukariri. Kisha akauondoa, akauchomoa waya wa umeme ukutani, akawageukia.

"Leo hakiwashwi," alisema. "Chungu kinavuja pale baba alipokohoa, na moshi wake ndio uliompa Kipaza homa. Kesho baba mdogo ataukata mshono wote, asibakize hata mahali pamoja, na auchomelee upya amevaa barakoa. Hakuna atakayekiwasha mpaka tuupime mshono mpya ukiwa wa moto. Dokta, fungua mlango. Wageni nitawaambia mwenyewe."